Mota isiyo na brashi: akili yake imehamia wapi?

Nilipotea kidogo, ila si mnajua tena mambo ya BTP: wiki nane Muleba, chaki mkononi, maandalio ya somo usiku kwa tochi ya simu, na ndizi kila siku (wala silalamiki). Sasa nimerudi chuoni na leo nataka tuongee historia. Najua kuna watakaosema, wewe mwalimu mtarajiwa wa fizikia, historia inakuhusu nini? Subirini kidogo.

Kidato cha nne niliwafundisha mota ya umeme. Mchoro wenyewe mnaujua: sumaku mbili, N huku na S kule, katikati koili ya mstatili, chini ya koili kuna pete iliyopasuliwa nusu mbili, na vipande viwili vya kaboni vimeigusa pembeni. Vile vipande ndio brashi. Nilikuwa na mikondo mitatu, kwa hiyo niliuchora mara tatu kwa wiki ile, na kila nikiuchora najiuliza, hivi huu mchoro ni wa lini? Nikatafuta. Ni wa William Sturgeon, Mwingereza, mwaka 1832. Yaani miaka 58 kabla Emin Pasha hajaja kuweka kituo cha Wajerumani pale Bukoba mwaka 1890! Somo letu la mota limesimama hapo, na mtoto anamaliza kidato cha nne akiamini mota zote duniani ziko hivyo.

Haziko hivyo. Mota nyingi mnazokutana nazo leo bila kujua, ya feni ndani ya kompyuta, ya droni, ya bodaboda ya umeme, hazina brashi kabisa. Na hiyo safari ya kutoka kwenye brashi hadi kusiko na brashi ni historia tamu kuliko nilivyotegemea, na kuna mahali inapita karibu na kwetu.

Tuanze na mwanzo wenyewe. Mwaka 1821 Michael Faraday alifanya waya wenye umeme uzunguke sumaku ndani ya kikombe cha zebaki. Kilikuwa kitu cha kushangaza, lakini hakikuweza kusukuma chochote. Sturgeon akaja na ile pete iliyopasuliwa. Halafu kuna mtu anaitwa Moritz Jacobi, huyu nampenda sana. Mwaka 1838, St. Petersburg kule Urusi, alifunga mota ya umeme kwenye boti na kupanda nayo mto Neva akiwa na abiria zaidi ya kumi. Boti ya umeme, 1838! Leo ukisimama mwalo wowote wa Muleba unasikia injini za petroli tu zikikohoa kuelekea Bumbire, kumbe boti ya umeme ina umri kuliko petroli yenyewe kama mafuta ya injini. Kilichomkwamisha Jacobi ni betri. Zilikuwa zinakula zinki, na zinki ilikuwa ghali kuliko makaa ya mawe ya kupata kazi ileile. Mota ilikuwa sawa, ila mfuko haukuwa sawa.

Sasa brashi inafanya nini? Hapa nawaomba mtulie maana ndio kiini cha yote. Koili ikipata umeme inakuwa sumaku, inavutwa na sumaku iliyo pembeni, inageuka. Ikifika pale inapovutiwa inataka kutulia. Ili iendelee, lazima mtu ageuze mwelekeo wa umeme wakati huohuo. Brashi na pete ndio huyo mtu. Pete inazunguka pamoja na koili, kwa hiyo muda wa kugeuza ukifika, pete yenyewe inabadilisha upande. Ni swichi inayojua koili iko wapi kwa sababu imefungwa kwenye koili. Ni akili kabisa, nikisema kweli. Tatizo lake ni msuguano. Kaboni inaisha, cheche zinaruka, vumbi jeusi linajaa, na kwenye jozi moja ya brashi za kaboni unapoteza kama volti 2. Mota ikivuta ampea 30 hizo ni wati 60 zinazoishia kwenye joto bila kusukuma kitu.

Njia ya kwanza ya kuikwepa brashi ilikuja na umeme wa mkondo geu. Nikola Tesla alipata hataza zake mwaka 1888, na mota za ukoo huo ndizo zinazungusha mashine nyingi za kusaga na viwanda vyetu mpaka kesho. Haina brashi, haichoki. Lakini mwendo wake unafuata gridi. Gridi inapiga mara 50 kwa sekunde, na mota inafuata humohumo. Kuiambia iende taratibu au haraka lilikuwa jambo gumu kwa muda mrefu, na kwa betri ndio kabisa haikuelewana nayo.

Kilichotakiwa ni kitu kingine: sumaku ndiyo izunguke, koili zitulie, na ile kazi ya pete ifanywe na swichi isiyo na kitu kinachosogea. Kwa hilo unahitaji mambo mawili, kwanza kujua sumaku iko wapi bila kuigusa, pili swichi ya kasi.

La kwanza lilipatikana mapema mno, mwaka 1879, na aliyelipata alikuwa mwanafunzi kama sisi. Edwin Hall alikuwa na miaka 23, anasoma Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Alipitisha umeme kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu, akaiweka kwenye uga wa sumaku, akaona volti ndogo sana inajitokeza kwa pembeni. Sumaku ikiwepo, volti ipo. Ikigeuka, volti inageuka. Ndiyo hiyo sensa ya Hall. Ilikaa karibu miaka 80 bila kazi kubwa ya mtaani, kwa sababu volti yenyewe ni ndogo mno mpaka walipopatikana semikonda.

La pili, swichi, ndipo mlango wa Afrika ulipo. Transista ya kwanza ilitoka maabara za Bell mwaka 1947, sawa, hiyo inaandikwa kila mahali. Lakini transista iliyo kwenye kila bodi ya kuendesha mota isiyo na brashi siku hizi ni MOSFET, na hiyo ilitengenezwa kwenye maabara hizohizo mwaka 1959 na watu wawili: Dawon Kahng, Mkorea, na Mohamed Atalla, mzaliwa wa Port Said, Misri. Mwafrika! Hakuna kifaa alichotengeneza binadamu kwa wingi kuliko hicho. Mimi nimesoma semikonda kidato cha nne, cha sita na hapa chuoni, na jina la Atalla nimelikuta mwenyewe kwa kutafuta. Walimu watarajiwa wenzangu, hili naomba tuliandike kwenye maandalio yetu.

Mwaka 1962 Wamarekani wawili, T. G. Wilson na P. H. Trickey, wakatoa andiko la mota ya umeme mnyoofu ambayo kazi ya pete na brashi inafanywa na transista. Hapo ndipo mota isiyo na brashi ilizaliwa kwenye karatasi. Lakini ilikuwa dhaifu, kwa sababu transista za wakati ule hazikubeba umeme mwingi na sumaku hazikuwa na nguvu ya kutosha. Transista zilipona mwishoni mwa miaka ya 1970, MOSFET kubwa zilipoanza kuuzwa. Na sumaku je?

Hapa tuvuke mpaka kidogo twende Kongo. Sumaku kali ya miaka ile ilitengenezwa kwa samari na kobalti, na mzalishaji mkubwa wa kobalti duniani alikuwa Zaire. Mei 1978 waasi waliingia Kolwezi, mji wa migodi jimboni Shaba. Vita, wataalamu wakakimbia, na bei ya kobalti ikapanda mara kadhaa ndani ya muda mfupi. Viwanda vya Japani na Marekani vikashtuka, vikaanza kutafuta sumaku isiyohitaji kobalti. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Sumitomo kule Japani na General Motors kule Marekani, kila mmoja kwa njia yake, wakapata sumaku ya neodimi, chuma na boroni. Ndiyo hiyo kali kuliko zote, ile ukiing'oa kwenye hard disk ikikubana kidole unaita mama. Mwaka huohuo wa 1978 wazee wetu huku Kagera walikuwa na yao. Majeshi ya Amin yaliingia Oktoba mwishoni na Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Nani kwenye foleni ya kuvuka mto Kagera angewaza kwamba vita nyingine, ya Kolwezi, inabadilisha mota za dunia?

Na madini hayajaisha kutuhusu. Kabanga, wilayani Ngara, mkoani kwetu hapahapa, kuna nikeli pamoja na shaba na kobalti, vyakula vya betri. Ngualla, mkoani Songwe, kuna neodimi. Kwa hiyo upande wa mawe tumo. Upande wa bodi ndipo ninapotaka kufika.

Vitu vimeshafika. Mwaka 2018 kwa miezi sita ndege isiyo na rubani ya Wingcopter, kwenye mradi wa DHL na GIZ, ilibeba dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilomita 60 juu ya ziwa kwa dakika 40 hivi, wakati kwa barabara na kivuko ni kama kilomita 240. Jirani zetu Kigali wana bodaboda za umeme za Ampersand tangu 2019. Nairobi kuna Roam, iliyoanza 2017 kwa jina la Opibus. Na Muleba? Muleba kuna pampu za maji za sola.

Shule moja wilayani, jina naliacha, walikuwa na pampu ya namna hiyo. Mota isiyo na brashi iko chini kisimani, paneli ziko juu ya paa, na katikati kuna kiboksi ukutani, ndicho kidhibiti, au kontrola kama wanavyoita mafundi. Radi ikapiga. Na mnaijua radi ya ukanda huu wa ziwa, haina mzaha. Mota nzima, paneli nzima, kiboksi kimekufa. Wanafunzi wakarudi kushuka bondeni na ndoo, kipindi cha kwanza wanaingia wamelowa mgongo. Kiboksi wakanipa mimi, eti "mwalimu wa fizikia", nikapanda nacho gari hadi Bukoba mjini kwa fundi mmoja mzee wa heshima zake, amerudisha uhai wa mota nyingi kuliko siku nilizoishi. Akakifungua. Ndani kimemwagiwa resini nyeusi kama lami, huoni hata mguu wa chipu. Akakizungusha, akanitazama.

"Mwalimu, hii mota haina brashi. Sasa mimi nibadilishe nini?"

Sikumjibu, lakini swali lake limenifanya niandike haya yote. Kwenye mota ya 1832 akili iko ndani ya mota, unaiona, unaishika, ikiisha unakata kipande cha kaboni unapachika. Kwenye hii akili imetoka, imehamia kwenye boksi, na boksi limezibwa. Mota imebaki chuma, waya na sumaku. Mwenye boksi ndiye mwenye mota.

Mtanisamehe, hapa u-nshomile utanishika kidogo. Miaka ya 1970 mtafiti Peter Schmidt alichimba Katuruka na maeneo ya Kemondo akakuta matanuru ya chuma ya takribani miaka 2000. Alitaka kuona yalivyofanya kazi, ikabidi awatafute wazee wa Kihaya wajenge tanuru upya kwa kumbukumbu, maana ufuaji wenyewe ulishakufa, chuma cha dukani kilipokuja rahisi. Mwaka 1978 yeye na Donald Avery wakaandika kwenye jarida la Science kwamba hewa ilipashwa moto ndani ya mabomba ya udongo kabla ya kufika kwenye makaa. Wataalamu wengine wamebishana nao kuhusu hilo la hewa ya moto, na ubishi ni halali. Mimi kinachonikaa kichwani ni wale wazee. Walikuwa wachache, na walikuwa wanakumbuka ya ujanani.

Basi tufungue boksi, hata kama ni kwa maneno. Nimelisoma kwa wiki mbili na nawaambia si uchawi.

Mota ina koili za makundi matatu, kwa hiyo waya tatu nene zinatoka. Kila waya unaunganishwa na swichi mbili, ya juu inayoupeleka kwenye chanya ya betri na ya chini inayoupeleka kwenye hasi. Mara tatu ni swichi sita. Hizo ni MOSFET za bwana Atalla. Wakati wowote swichi moja ya juu na moja ya chini, za waya tofauti, ziko wazi kupitisha umeme, waya wa tatu unapumzika.

Nani anaamua ipi? Sensa tatu za Hall zimewekwa kuizunguka rota. Kila moja inasema 1 au 0. Rota ikizunguka, majibu yao yanakwenda hivi: 101, 100, 110, 010, 011, 001, halafu yanarudi mwanzo. Angalieni, kila hatua inabadilika tarakimu moja tu. Kila jibu lina jozi yake ya swichi, kwa hiyo maikrokontrola kazi yake ni kusoma jedwali la mistari sita. Hata la darasa la kwanza la kuzidisha ni refu zaidi! Na kuna zawadi kwa fundi: kwa mpangilio huu 000 na 111 haviwezi kutokea kamwe. Ukipima ukavikuta, waya wa sensa umekatika au sensa imekufa, mota usiiguse. (Nyingine hazina sensa, zinasikiliza volti ya ule waya unaopumzika. Hizo tuziache leo.)

Ugumu uko kwenye adabu ya swichi. Ya juu na ya chini za waya mmoja zikifunguka pamoja hata kwa kitambo, umeunganisha chanya na hasi moja kwa moja, na utasikia mlio. Kwa hiyo unaacha pengo, kama sehemu moja ya milioni ya sekunde, hii ifunge ndipo ile ifungue. Pili, MOSFET ya juu kwa aina inayotumika sana inataka volti kubwa kuliko ya betri ili ifunguke. Betri ikiwa 48, unahitaji kama 60 kwenye mlango wake, ndio maana kuna chipu ya kuziendesha na kapasita ndogo pembeni. Watu wanaoanza hukwama hapo. Tatu, koili haipendi kukatizwa, ukifunga swichi ghafla inarusha volti juu, hivyo kwa betri ya 48 unachagua MOSFET ya volti 100, si ya 55 kwa sababu ni rahisi. Mwendo unaurekebisha kwa kuwasha na kuzima haraka, mara elfu 16 hadi 20 kwa sekunde, karibu na ukomo wa kile sikio linachosikia.

Na faida? MOSFET yenye ukinzani wa miliomu 5 kwa ampea 30 inapoteza wati 4.5. Mbili zikifanya kazi ni 9. Linganisheni na zile 60 za brashi. Halafu haichakai.

Mtu ataniambia hayo ni ya wazungu wenye maabara. Hapana bwana. Makerere, ambako kutoka Bukoba ni karibu kuliko Dar, wanafunzi walishiriki mradi wa kimataifa wa gari la Vision 200 ulioonyeshwa Turin, Italia, mwaka 2008. Wakarudi nyumbani, na Novemba 2011 wakaendesha gari lao la umeme la viti viwili, Kiira EV, pale Kampala. Februari 2016 ikatoka basi ya Kayoola yenye paneli za sola juu ya paa. Wengine walicheka, eti gari la watu wawili linasaidia nini. Mimi naona walipata kitu kikubwa kuliko gari: kizazi cha watu ambao mota, betri na kidhibiti kwao si boksi lililozibwa.

Mimi sitengenezi gari. Nataka nikienda kituoni kidato cha nne kiuone ule mchoro wa 1832, halafu kipindi kinachofuata kione jedwali la mistari sita na mota inayolitii. Mota tayari ipo kwenye kila hard disk iliyokufa: waya tatu au nne, sumaku kali, haina brashi hata moja. Swichi zipo kwenye UPS mbovu, kuna MOSFET ndani mnazitupa. Kinachonunuliwa ni maikrokontrola na chipu za kuendeshea, na hizo tutachanga bumu likitoka.

Jumamosi saa nne asubuhi niko nyuma ya maabara ya fizikia. Nina hard disk nne, nahitaji nyingine. Mwenye bisibisi ndogo ya nyota aje nayo, zile skrubu hazifunguki kwa kisu. Nimeshaharibu visu viwili vya bwenini.